Harufu ya Buti za Mmanga

Mara ya kwanza Bi Khairiya aliposema ananusa harufu ya mwanawe marehemu, Mwatima alikuwa ukumbini anapeta mchele, na ungo ukamcheza mkononi hata chembe zikamwagika.

"Weye hunusi?" Bi Khairiya aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha Mwatima na mumewe, mkono mmoja kwenye mwimo, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza sauti ya mbali.

"Ni unyevu, mama. Masika haya kila kitu kinavunda."

"Unyevu naujua. Huu si unyevu." Alivuta pumzi tena, taratibu, maana alikuwa na pumu na kifua hakikumruhusu kuvuta kwa pupa. "Huyu Mmanga. Mmanga kaja nyumbani."

Mwatima akainama kuokota mchele, chembe moja moja, ili asipate kumtazama mama mkwe wake usoni. Alijua harufu ile inatoka wapi. Ilitoka chini ya kitanda chake mwenyewe, ndani ya pakacha, mahali ambapo jana magharibi mumewe alizisukumia buti za kuchezea mpira za kaka yake, zimerowa chepechepe.

Mmanga alikuwa mtoto wa kwanza wa Bi Khairiya, na pale Vitongoji hapakutokea golikipa kama yeye. Buti zile alipewa na mfanyabiashara mmoja wa Chake Chake aliyependa mpira, wakati wenzake wengi walikuwa bado wanacheza miguu mitupu, naye akazitunza kuliko alivyojitunza nafsi yake. Ili ngozi isikauke alizipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo vyombo vya baharini hupakwa. Sifa ile ilipochanganyika na jasho na tope la kiwanjani ilizaa harufu ya peke yake, kali, nzito, ya kuganda kooni. Watu walijua Mmanga anarudi kabla hajapiga hodi.

Kisha jioni moja, baada ya mchezo, alizivua buti akazitundika begani, akashika njia ya nyumbani miguu mitupu, akakanyaga msumari wenye kutu. Kidonda kilikuwa kidogo, hata hakukitaja. Taya lilipokaza na mgongo ukapinda kama upinde ndipo walipojua kuwa ni pepopunda, na hapo hapakuwa na la kufanya ila kumsomea. Bi Khairiya alikishika kichwa cha mwanawe mpaka mwisho. Arubaini ilipopita alimwita Ahmada, mwanawe wa pili na wa pekee aliyebaki, akamwekea msahafu mbele yake. Ahmada akaapa, mjomba wake akiwa shahidi, kwamba hatacheza mpira maadamu mama yake yu hai.

Aliapa akilia, na wakati ule kila neno lilitoka moyoni.

Lakini miaka ilipita, na Ahmada alikuwa akifanya kazi kwa fundi seremala mjini Chake, na kila alasiri njia yake ya kurudi ilipita ubavuni mwa kiwanja. Golikipa wa kilabu akahamia Unguja. Mechi ya kugombea ngao na watu wa Wete ikakaribia. Nahodha wao, Hamad, karani aliyekuwa na baiskeli na ulimi mtamu, akamng'ang'ania kila anapopita: simama golini siku moja tu, tupate kufanya mazoezi. Siku moja ikazaa ya pili. Alipoanza kurudi nyumbani na vidole vya miguu vilivyochubuka, Ahmada alipanda darini, akazishusha buti za marehemu. Zilimkaa kama aliyepimiwa.

Mwatima alikuja kujua siku ya masika makali, aliponusa kitu chumbani akafikiri panya amefia ukutani.

Sasa alimsubiri mumewe nyuma ya jiko, na alipomwona tu anatokea kwenye migomba akamwendea mbio.

"Mama kanusa."

Ahmada akasimama. "Kanusa nini?"

"Kanusa buti. Lakini hajui kuwa ni buti. Asema Mmanga karudi. Mume wangu, ninakuomba, zipeleke kwa Hamad, akae nazo yeye."

"Hamad analala chumba kimoja na wapangaji watatu. Zitaibiwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ni mpaka mechi tu, Mwatima. Ikisha, nazirudisha darini na hutasikia tena habari ya mpira. Weye zitoe harufu tu. Hushindwi na nguo, hushindwi na samaki, utashindwa na ngozi?"

"Mwambie mama."

"Nimwambie nimekula kiapo cha msahafu nikakitapika? Nimwambie hivyo, na kifua kile?" Akamshika mkono. "Usimwambie. Nataka unipe ahadi."

Mwatima alimtazama. Alikuwa ameolewa mwaka uliopita tu, na mume yule alimpenda, na hapo kabla hakuwahi kumwomba kitu kizito. Akatoa ahadi.

Kesho yake asubuhi, Bi Khairiya alipokwenda shambani kuchimba muhogo, Mwatima alizitoa buti akazipeleka nyuma ya kisima. Alizisugua kwa majivu na makumbi ya nazi, akazisuuza, akazikamulia ndimu ndani na nje, akazisugua tena. Maji yalitoka meusi, kisha ya kahawia, kisha ya rangi ya chai. Alipozileta puani, ndimu ilikuwa juu, na chini ya ndimu Mmanga alikuwa palepale. Jua lilitokeza kidogo, akaziweka juu ya jiwe; mvua ikarudi, akazikimbiza jikoni. Akatia makonyo ya karafuu kwenye makaa, akaziinamisha juu ya moshi. Jikoni pakanuka karafuu, ndimu, na papa.

"Unapika nini, mwanangu?" Bi Khairiya aliuliza kutoka uani. Alikuwa amerudi mapema.

Mwatima akazitupia kuni juu. "Nafukiza mbu, mama!"

Bi Khairiya alikuja mpaka mlango wa jikoni. Hakuingia. Alisimama pale na jembe lake, matone ya mvua yakimtiririka kwenye ukaya wake wa kichwani, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Mwatima hakuwahi kukiona humo tangu aolewe. Ulikuwa na furaha. Furaha yenye woga, kama ya mtu aliyetuliwa na ndege begani na anaogopa kutikisika.

"Yumo humu pia," alinong'ona. "Ananifuata."

Siku ile Mwatima hakula.

Alikwenda dukani kwa Jafferali, kwenye njia kuu, ambako mkewe Zohrabai ndiye aliyeshika mizani mchana mume akipumzika. Zohrabai alikuwa amezaliwa papo hapo Pemba, alikisema Kipemba kama wao, na alijua kila nyumba inapika nini kwa vile inavyonunua.

"Bi Zohra, ngozi ikishika harufu mbaya, huitoa vipi?"

"Ngozi gani?"

"Viatu."

"Viatu vya nani?"

"Vya Ahmada. Vya kazini."

Zohrabai alikuwa akimfungia sukari mteja, hakuinua macho. "Ahmada huvaa makubadhi kazini. Namwona kila siku akipita hapa." Mteja akaondoka. Zohrabai akafuta mikono, na hapo ndipo alipomtazama. Mwatima aliona kwamba amejua, au amekaribia kujua, na akasubiri kuulizwa. Hakuulizwa.

"Usitie magadi," Zohrabai alisema. "Magadi yanakula ngozi. Na usizianike juani, zitapasuka. Twanga mkaa, ufunge kwenye vitambaa, uzijaze mpaka kwenye vidole, kila siku ubadilishe. Manukato yanafunika tu, harufu inabaki chini. Mkaa unainyonya."

"Ahsante, Bi Zohra."

"Mwatima." Mwatima alikuwa amekwisha geuka aende. "Mama mkwe wako alikuja jana. Kanunua halua. Nikamwuliza, mna wageni? Akacheka, akasema ndiyo, mgeni wa kwake." Zohrabai akashusha sauti. "Ni nani aliyekuwa akipenda halua kwenye nyumba ile?"

Mwatima alirudi nyumbani karibu anakimbia. Akaikuta halua. Ilikuwa ndani ya kisahani cha udongo, imefunikwa kawa, chini kwenye kizingiti cha chumba chake, na pembeni yake kikombe cha kahawa kilichopoa. Bi Khairiya alikuwa amelala juu ya mkeka palepale ukumbini, amegeukia mlango.

Tangu siku ile Mwatima aliupigania mkaa kama mgonjwa anavyopigania dawa. Aliutwanga nyuma ya migomba, akaufunga, akaujaza, akautoa, akaujaza mwingine. Vidole vyake vikawa vyeusi hata kwenye kucha, naye akavificha ndani ya kanga kila alipokaa na watu. Na Zohrabai alisema kweli: harufu ilianza kupungua. Lakini Ahmada alizichukua kwenda mazoezini, na jasho lake lilipoingia ndani ya ngozi ile likaamsha jasho la kaka yake. Kila alilolishusha Mwatima, mumewe alilipandisha.

Na kila ilipopanda, Bi Khairiya aling'ara. Ilipopungua, aliacha kula. Alianza kuzungumza peke yake ukumbini, sauti ya chini, ya kubembeleza. "Umekwenda wapi leo? Umeudhika?"

Majirani wakasikia. Habari ikamfikia Mjaka, kaka yake Bi Khairiya, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikuja akakaa barazani, bakora katikati ya magoti, akamsikiliza dada yake mpaka akamaliza. Kisha akamwita Ahmada kando, na Mwatima akiwa nyuma ya mlango alisikia kila neno.

"Maiti harudi, Ahmada. Hilo dini imelifunga. Anayerudi na harufu ya maiti ni shetani, anajifanya ntoto wakwe apate kumwingia. Nimesema na mganga wa Kengeja. Atakuja Jumapili, baada ya adhuhuri."

"Kumfanya nini, mjomba?"

"Kumfukiza. Atafunikwa shuka, avute mafusho mpaka huyo aliyemo aseme anataka nini na aondoke."

"Mama ana pumu."

"Najua ana pumu. Kwani mie si ndugu yakwe? Lakini bora akohoe siku moja kuliko kupotewa na akili."

Jumapili ndiyo siku ya mechi.

Mara mjomba alipoondoka, Mwatima alimvuta mumewe chumbani akafunga mlango. 

"Sasa utasema."

"Nitasema."

"Lini?"

"Mechi ikisha. Jumapili hiyohiyo, magharibi."

"Watamfukiza adhuhuri! Moshi wa chakula tu humkaba hata tukampepea. Utamwua mama yako kwa ajili ya mpira?"

Neno lile lilimpiga. Aliketi kitandani, akainamisha kichwa.  "Nitamwambia mjomba aahirishe. Nitatafuta sababu yoyote. Lakini watu kumi wananitegemea, Mwatima. Nimewapa neno langu."

"Na mama ulimpa nini?"

 Alitoka, na hakumwendea mjomba siku ile, wala siku iliyofuata. Kila asubuhi Mwatima alimtazama, na kila asubuhi alisema: leo. Jumamosi alikwenda kweli, lakini alirudi mdomo umefungwa. Mjomba alikwisha kumpelekea mganga mbuzi na kitambaa, na hakutaka kusikia habari ya kuahirisha.

"Nitakuja adhuhuri kuzichukua buti," Ahmada alimwambia mkewe Jumapili alfajiri, kabla hajatoka. "Ziweke ndani ya pakacha nyuma ya kisima. Hamad atanipitia na baiskeli. Na weye ukiona mama anazidiwa, wazuie. Sema lolote."

"Sema lolote," Mwatima alirudia. Mumewe hakuisikia namna alivyolisema.

Mganga alikuja mapema. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa maneno, na wanawake wawili wa kumsaidia. Waliketisha chetezo kikubwa katikati ya ukumbi, wakamweka Bi Khairiya kwenye kibao mbele yake. Bi Khairiya hakupinga. Aliuliza tu, "Akitoka, atakwenda wapi?" Wakamfunika shuka nyeusi, yeye na chetezo pamoja, wakatia ubani, na mavi ya tembo, na majani ambayo Mwatima hakuyajua.

Kikohozi cha kwanza kilikuwa kidogo. Cha pili kilitoka ndani zaidi. Mganga alikuwa anasoma, mkono wake juu ya kichwa kilichofunikwa. "Wewe ni nani?" aliuliza. "Jitaje." Chini ya shuka palitoka mluzi, ule mluzi wa kifua kinachotafuta hewa na kukuta mlango umefungwa.

"Mjomba," Mwatima alisema, "anakabwa."

"Si yeye anayekabwa," Mjaka alijibu, lakini uso wake ulikuwa na jasho.

Nyuma ya nyumba, kengele ya baiskeli ililia. Kriling, kriling. Ikanyamaza. Mwatima alijua kwamba mumewe yuko kisimani anatafuta pakacha, na kwamba hataliona, kwa kuwa hakuliweka. Usiku kucha alijiuliza atazifanya nini buti zile, na kulipokucha alikuwa bado hajajua. Zilikuwa jikoni, kwenye kona, chini ya makuti.

"Jitaje!" mganga alisema.

Mkono wa Bi Khairiya ulitoka chini ya shuka, vidole vimetanuka, ukipapasa sakafu. Kucha zilikuwa zinageuka rangi ya zambarau.

Mwatima akakimbia jikoni. Akarudi na buti, moja kila mkono, akapita katikati ya wale wanawake, akaitwaa shuka akaivuta yote, chetezo kikapinduka, makaa yakatawanyika.

"Hana pepo!" alipiga kelele. "Hana chochote! Ni hizi! Mjomba, ni hizi tu!"

Bi Khairiya aliangukia mikononi mwake. Wakamtoa barazani, wakampepea kwa kipepeo cha jikoni, wote wakihesabu pumzi zake kimoyomoyo. Ahmada alitokea pembeni ya nyumba, Hamad na baiskeli yake nyuma yake. Aliona buti juu ya mkeka. Aliona mama yake. Akapiga hatua mbili na kuketi chini kwenye tope.

Mluzi ulipopungua, Bi Khairiya alinyoosha mkono. Sio kwa Ahmada. Kwa buti. Aliichukua moja akaikumbatia kifuani, akaingiza uso wake ndani kabisa, kama mtu anayenywa maji kwenye kata. Akavuta. Akaitoa. Akachukua ya pili, akavuta tena, na Mwatima, aliyekuwa akisubiri kutukanwa kwa ajili ya uongo, akaona uso wa mama mkwe wake unabadilika kwa sababu nyingine kabisa.

"Zimefanywa nini?"

"Nimezisafisha, mama."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa majivu. Na ndimu. Na mkaa... mkaa kila siku, mama, ili usijue..."

"Hamuna ntu humu," Bi Khairiya alisema. Aliigeuza buti juu chini akaikung'uta, na vumbi jeusi la mkaa likamwagika mapajani mwake. "Alikuwamo. Jana nilimnusa, juzi nilimnusa. Leo hamuna ntu." Akamtazama Mwatima. "Umentoa. Ntoto wangu ulikuwa naye mikononi, ukantoa kwa mkaa."

 Mwatima alikuwa amejiandaa kwa hasira yoyote isipokuwa ile. Wiki nzima alipambana na harufu mbaya. Hata mara moja haikumpitia kwamba kwa mtu mmoja hapa duniani haikuwa mbaya.

Mjaka ndiye aliyepasuka. Alisimama, akamwelekezea Ahmada bakora. "Kiapo! Kiapo cha msahafu, mbele yangu! Na ukaniacha nilete mganga, nimfunike dada yangu shuka, kumbe weye unajua! Ningemwua! Mie mwenyewe, kwa mkono wangu!" Akakaa tena, akafunika uso kwa kilemba chake. Mganga wa Kengeja alikuwa amekwisha kuokota vitu vyake na kuaga kwa upole. Hakuna aliyemwona akiondoka.

Hamad alisimama na baiskeli yake njiani, hajui aende au abaki. Mwisho alisema, polepole, "Ahmada. Watu wameshaingia uwanjani."

Ahmada hakumtazama. Alikuwa anamtazama mama yake. "Nenda," alimwambia Hamad. "Waambie siji."

Wete walichukua ngao.

 Bi Khairiya alipikiwa na jirani. Chakula cha Mwatima hakukigusa. Mwatima aliendelea kupika hata hivyo, akiweka, akiondoa. Ahmada alifunga saumu za kafara ya kiapo chake, akala futari peke yake jikoni kama mpita njia. Buti zilikaa pale barazani zilipoachwa, mvua ikizinyeshea, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuzigusa.

Mwatima ndiye aliyeanza. Asubuhi moja alikwenda akaketi chini karibu na mkeka wa mama mkwe wake, bila kuitwa, akasema: "Mama, mie nilimwahidi mume wangu nisiseme. Nikakuona unamwekea marehemu halua nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakoniuma. Nifanye utakavyo."

Bi Khairiya alisokota ukindu wa mkeka. Kisha akasema, si kwa Mwatima hasa: "Alikuwa ananuka yule ntoto. Ukweli usemwe. Nilikuwa nikimfukuza hapa barazani na hizo buti zakwe. Namwambia, kaoge kwanza, mavi ya papa weye." Mabega yake yalitikisika, na Mwatima hakujua kama anacheka au analia mpaka alipomshika mkono, na hata hapo hakujua. "Nilimfukuza mara nyingi mno."

Mchana ule alikula wali wa Mwatima. Hakusema ni mzuri wala mbaya, lakini alikula.

Ahmada alimjia mama yake saumu zilipokwisha. Alipiga magoti mbele yake, na mkewe akiwa amesimama mlangoni, alisema jambo alilopaswa kulisema tangu mwanzo.

"Mama, nakuomba radhi kwa kiapo. Na sitaki kukudanganya tena, kwa hivyo nasema: nataka kucheza. Nikipita pale kiwanjani, mwili unaniuma. Ukinambia nisicheze, sichezi."

"Sitaki ucheze," Bi Khairiya alisema papo hapo.

"Vyema, mama."

"Sitaki ucheze leo, na mwakani sitaki, na nikifa huko kaburini nitakuwa sitaki." Akahema. "Lakini nikikukataza utakwenda kwa siri, na siri yenu nimeiona. Karibu iniue mie. Basi nenda. Nenda kwa mlango wa mbele, watu wakuone."

Ahmada akainama kumbusu mkono.

"Ngoja. Sijakwisha. Kila ukirudi, kabla hujaingia ndani, kabla hujanywa maji, unakuja hapa kwangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Masika yalipokwisha na kiwanja kukauka, Ahmada alirudi golini, na alasiri ile ya kwanza Bi Khairiya alikaa barazani tangu alipoondoka mpaka aliporudi. Alipomwona anakuja njiani alimwambia Mwatima alete maji ya moto yenye chumvi. Ahmada aliketi kwenye ngazi, akavua buti. Mama yake akautwaa mguu wa kulia akauweka mapajani mwake, akauosha, akaugeuza kwenye mwanga, na kwa kidole gumba akapitisha juu ya wayo mzima, polepole, kisigino, katikati ya kila kidole, akitafuta tundu la msumari. Hakukuwa na kitu. Akaushusha.

"Lete mwingine," alisema.